Mzani wa mke na kitambi cha mume

Miezi minne baada ya harusi, wifi yangu alishuka kwenye bajaji pale kwetu Chang'ombe, Dodoma, na majirani wawili wakampokea kwa maneno yale yale: "Ndoa imekukubali." Alikuwa ameongezeka. Mashavu yamejaa, gauni la sendoff halimwingii tena, na mama yangu akatabasamu kana kwamba kasifiwa yeye. Miaka mitatu baadaye mwili ule ule ukageuka hati ya mashtaka. "Atashikaje mimba na mafuta yote yale?" Aliyeuliza hivyo, na nakiri kwa aibu, ni mimi.

Kaka yangu, ambaye kitambi chake kilikuwa kimetangulia harusi, hakuulizwa na mtu.

Ukitaka kuelewa kwa nini unene ulikuwa sifa hapa Dodoma kabla haujawa kosa, anza na mvua. Nchi ya Ugogo ina msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mvua ikigoma imegoma. Simulizi za wazee zinaitaja Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, iliyowakuta watu wamekwisha kunyang'anywa ng'ombe na nafaka na majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo, mwanamke aliyejaa ni dalili kwamba kwao kuna chakula, atabeba mimba na atanyonyesha. Wala hawakukosea. Mwanamke akikonda kupita kiasi hedhi hukatika, kwa sababu ubongo husoma akiba ya mafuta kupitia homoni iitwayo leptini, na akiba ikiwa haitoshi unafunga duka la uzazi mpaka hali itengemae. Jambo ambalo Mtunya haikuwahi kutufundisha ni kwamba duka hilo hilo huweza kuyumba akiba ikifurika.

Na sasa imefurika. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi au unene kabisa, na ule wa 2022 ukakuta wamevuka theluthi. Mjini kwetu huhitaji mtafiti kukwambia. Mtu anapanda basi la watumishi asubuhi kwenda Mtumba kwenye ofisi za serikali, anakaa hadi jioni, katikati kuna kikao chenye sambusa na soda, akirudi anapitia chipsi zege au kuku choma wa Chako ni Chako. Ugali wa uwele na mlenda, chakula kilicholea mji huu, kimebaki cha kumpikia bibi akija kutoka Chamwino.

Tuingie ndani ya mwili, maana huko ndiko maneno ya mtaani yanakopotea njia. Wengi wetu tunadhani mafuta "yanaziba kizazi", kama takataka inavyoziba mtaro. Hayazibi kitu. Mafuta yanafanya kazi kama tezi. Ndani yake kuna kimeng'enya kiitwacho aromatase, ambacho huchukua homoni za kiume (kila mwanamke anazo kidogo) na kuzigeuza kuwa estrojeni. Estrojeni ya ziada inauchanganya ubongo, unaoamini ovari zimekwisha kufanya kazi yake, basi unapunguza amri za kukuza yai. Juu ya hapo kuna insulini. Mwili wenye mafuta mengi tumboni huwa mkaidi kwa insulini, kwa hiyo kongosho huongeza dozi, na insulini ikizidi inazisukuma ovari kutengeneza homoni za kiume zaidi. Wakati huo huo ini linapunguza ile protini ambayo kazi yake ni kuzifunga homoni hizo zisizurure kwenye damu. Matokeo yake vijifuko vya mayai vinaanza kukua kwa pamoja kisha vinasimama njiani, hakuna hata kimoja kinachopevuka. Mzunguko wa hedhi wa siku 28 unakuwa wa 40, wa 50, wa 60.

Hali hiyo ikiandamana na nywele za kidevuni, chunusi na vijifuko vingi vinavyoonekana kwenye picha ya ultrasaundi, ina jina. Irving Stein na Michael Leventhal waliieleza huko Chicago mwaka 1935, na leo madaktari wanaiita kwa kifupi PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui kuwa wanayo. Mtaani kwetu hawa ndio wanaoambiwa wana chango, au jini mahaba, na kuuziwa chupa ya kusafisha kizazi. Wapo wembamba wenye PCOS, tena wengi, na wapo wanene wasio nayo ambao hedhi yao haikosei hata siku. Lakini mwenye nayo akinenepa, hali huzidi.

Huyo ambaye hedhi yake ni sahihi je, yuko salama? Si sana. Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia wanawake wapatao 3,000 waliochelewa kushika mimba ingawa mayai yao yalikuwa yakipevuka kila mwezi. Walikuta kwamba uwiano wa uzito na urefu ukishavuka 29, kila namba moja inayoongezeka hupunguza uwezekano wa kushika mimba kwa njia ya kawaida kwa takriban asilimia 5. Uwiano huo unaupata kwa kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Wifi ana mita 1.60, alikuwa na kilo 85: uwiano wake ni 33. Amepungukiwa karibu sehemu moja katika tano ya bahati yake ya kila mwezi. Ni pungufu la kutiliwa maanani. Lakini sehemu nne kati ya tano bado zipo, na sisi mawifi tulikuwa tunazungumza kama vile hazipo.

Sasa nije kwa kaka.

Mambo yale yale niliyoyaeleza hutokea kwa mwanaume, ila kwake hayana kalenda ya kumwonyesha kwamba yanatokea. Aromatase ya kitambi hula testosteroni yake na kutema estrojeni, ubongo unapunguza amri, korodani zinapunguza kazi. Mapaja mazito na kukaa kutwa huongeza joto mahali ambapo maumbile yaliweka nje ya mwili makusudi pawe baridi. Shinikizo la damu na kisukari, ndugu wa karibu wa kitambi, hudhoofisha mishipa inayosimamisha uume. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mwanaume ana mchango, peke yake au pamoja na mkewe. Na kipimo cha mbegu ndicho chepesi kuliko vyote: kikombe kimoja na majibu yasiyochukua muda mrefu, wakati mkewe anapigwa picha ya mirija ambayo waliopita huko wanaielezea kwa kuuma meno.

Kinachonikera zaidi ni dawa ambazo mwanaume huzikimbilia badala ya kipimo. Anayehisi nguvu zimepungua atanunua unga wa nguvu za kiume njiani, na kijana wa gym atachoma sindano za testosteroni. Testosteroni ya kuchoma huizimisha ile ya ndani na uzalishaji wa mbegu pamoja nayo. Anajenga kifua na kubomoa kizazi, naye anadhani anajenga vyote.

Habari njema kwa upande wake ni kwamba mbegu hutengenezwa upya kwa mzunguko wa takriban miezi mitatu. Huko Denmark wanaume wanene 56 walipewa mlo wa kalori chache kwa wiki nane, wakapungua zaidi ya kilo 15 kwa wastani, na wingi wa mbegu zao ukapanda kwa karibu nusu. Walioweza kutorudisha kilo zile mwaka uliofuata, mbegu zao ziliendelea kuwa nzuri. Mke hawezi kupata yai jipya kwa kufunga mdomo wiki nane, maana mayai yake yote alizaliwa nayo. Kama kuna mtu katika nyumba ambaye kupungua kwake kunalipa haraka, mara nyingi ni yule tusiyempandisha mzani.

Dodoma ina jambo lake jingine ambalo sijaona likipewa uzito kwenye mazungumzo haya, nalo ni ndoa za wikiendi. Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa dhati mwaka 2016, watumishi wengi walikuja na begi, mwenza na watoto wakabaki Dar es Salaam. Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari imekuwa ya saa tatu na ushee hadi nne, badala ya kutwa nzima kwenye basi, lakini bado ni Ijumaa hadi Jumapili, tena si kila wiki. Hebu tupige hesabu. Yai likitoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu huweza kusubiri ndani ya mwanamke hadi siku tano. Kwa hiyo siku za kushika mimba katika mzunguko mmoja ni kama sita. Mwenye mzunguko wa siku 55 hupata nafasi sita au saba tu kwa mwaka mzima, na kila nafasi ni ya siku sita. Mwenza wake anakuja wikiendi mbili kwa mwezi. Wanaweza kumaliza mwaka bila kukutana siku inayohitajika zaidi ya mara moja au mbili.

Kisha wanakwenda kliniki, wanaulizwa "mmejaribu kwa muda gani?", wanajibu mwaka, na faili linaandikwa kwamba wamejaribu mwaka. Kanuni ya kutafuta msaada baada ya miezi 12, au miezi sita kwa mwanamke aliyevuka miaka 35, inadhani watu wanalala nyumba moja. Ninyi wa wikiendi, mwelezeni daktari ukweli huo kabla hajawapima chochote.

Wifi alipofika kliniki mara ya kwanza, kwenye kituo ambacho sitakitaja, alipandishwa mzani, akaangaliwa kuanzia juu hadi chini, akaambiwa: "Kapunguze mwili kwanza, dada, halafu urudi." Hakupimwa damu. Mirija haikuguswa. Kaka, aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi akichezea simu, hakuitwa ndani. Wifi alikuwa na miaka 35. Akaenda kupungua. Miezi ya matango na maji ya ndimu, miezi ya kuamka alfajiri kuzunguka uwanja wa Jamhuri huku vijana wa bodaboda wakimpigia miluzi. Kilo 11 zikatoka, kisha mfungo ukamshinda na 7 zikarudi. Miezi 14 ikapita.

Ushauri ule una mantiki juu juu. Uzito mkubwa huongeza hatari ya mimba kutoka, kisukari cha mimba, kifafa cha mimba na upasuaji. Nchini Uingereza maeneo mengi ya huduma ya afya ya serikali hayalipii upandikizaji mimba kwa mwenye uwiano wa 30 na zaidi. Ila swali linalofaa kuulizwa ni kama kumsubirisha mtu mpaka apungue kunampa mtoto kuliko kumtibu. Waholanzi walilijaribu hilo. Katika utafiti uliochapishwa 2016, wanawake wanene 577 waliokuwa wakitafuta mtoto waligawanywa: nusu wakapewa miezi sita ya kubadili mlo na mazoezi kabla ya tiba, nusu wakaanza tiba moja kwa moja. Baada ya miaka miwili, waliojifungua mtoto mmoja, mzima, aliyetimiza miezi, kwa njia ya kawaida, walikuwa asilimia 27 kwa waliotangulizwa kupungua na asilimia 35 kwa waliotibiwa mara moja. Lakini katika kundi la kwanza, walioshika mimba wenyewe bila msaada wa dawa walikuwa asilimia 26, dhidi ya 16 kwa wenzao.

Mimi naisoma hivi: kupungua kunausaidia mwili kujifanyia kazi wenyewe, hasa kwa yule ambaye mayai yake hayapevuki, ila hakufidii muda unaoteketea kwa kusubiri. Mwenye miaka 27 anaweza kujipa miezi sita bila wasiwasi. Mwenye 36 ambaye hajapimwa chochote, kumwambia "kapungue urudi" ni kumnyang'anya kitu ambacho hakuna atakayeweza kumrudishia. Zaidi ya hapo, katika nchi zetu chanzo kikubwa cha kuchelewa kuzaa ni mirija iliyoziba kutokana na maambukizi ya zamani kama kisonono na klamidia, na mirija iliyoziba haisikii habari za matango. Mwanamke anaweza kupungua kilo 20 na kubaki pale pale.

Kwa hiyo pima kwanza, wote wawili, siku ile ile: mbegu za mume, sukari na shinikizo la damu la wote, homoni na ultrasaundi ya mke, mirija ikibidi. Kupungua kuendelee sambamba, na kuwe kwa kiasi cha kibinadamu. Wifi aliamini anatakiwa kufika kilo 64, ili aupate uwiano uliotundikwa ukutani kliniki, yaani kutoa kilo 21. Kumbe kwa wenye tatizo la kupevusha mayai, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito mara nyingi hutosha kuirudisha hedhi kwenye mstari. Kwake hiyo ni kilo 4 hadi 8. Kilo 4 zinaweza kutoka kwa kuacha soda ya kikaoni, kupunguza ugali wa sembe nusu sahani na kuongeza mlenda, na kutembea kutoka kituo cha daladala badala ya kupanda boda. Hazihitaji adhabu.

Dawa zipo pia. Kwa mwenye PCOS, inayotangulizwa sasa ni letrozoli, ambayo asili yake ni dawa ya saratani ya matiti. Utafiti wa Marekani wa 2014 kwa wanawake 750 ulikuta waliotumia letrozoli walizaa kwa asilimia 27.5, na waliotumia klomifeni ya zamani asilimia 19.1, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wanene. Metformini, ya kisukari, husaidia wengine kwa kutuliza insulini. Tatizo ni namna tunavyozitumia: vidonge vya kupevusha mayai hununuliwa dirishani kama panadoli, mwezi baada ya mwezi, bila ultrasaundi ya kuona yai linakua au mawili au matatu, na bila kujua kama mume ana mbegu za kulikuta hilo yai.

Kwa wenye uzito mkubwa zaidi, hospitali ya Mloganzila kule Dar es Salaam wanaweka puto tumboni, na upo upasuaji wa kupunguza tumbo. Anayefanyiwa upasuaji hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, mpaka mwili utulie, kwa hiyo umri unaingia tena kwenye hesabu. Sindano mpya za kupunguza uzito, zile za semaglutidi, zinatakiwa kusimamishwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Wapo wanaoshika mimba wakiwa bado wanazichoma kwa sababu hedhi imejirekebisha bila wao kutegemea. Anayemeza dawa za presha kama losartani au kaptopril amwone daktari abadilishiwe mapema, maana humdhuru mtoto tumboni. Vidonge vya foliki vianze kabla ya mimba, na kwa mwenye unene madaktari wengi huandika dozi kubwa kuliko ya kawaida.

Upandikizaji mimba unabaki kwa wale ambao mirija imeziba au mbegu ni chache mno, na kwa wengi wetu huku maana yake ni treni kwenda Dar es Salaam na fedha ambazo bima nyingi haziziangalii. Unene hupunguza mafanikio yake kiasi, haufuti. Umri ndio unaofuta. Kuasili mtoto nako kupo, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Sikiweki mwishoni kama kifuta jasho. Nimewaona waliokichagua mapema na hawakuwahi kutazama nyuma.

Kaka alipimwa mwaka huu, baada ya daktari wa pili kukataa kuendelea na mazungumzo mpaka yule bwana wa kwenye benchi aingie ndani. Mbegu chache, nyingi hazikimbii. Presha juu. Uwiano wake ni 34, umeuzidi wa mkewe. Mama aliyapokea majibu hayo kwa kunyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mashine za siku hizi hazikosei.

Sasa ni yeye anayeamka alfajiri. Anatoka Chang'ombe hadi Nyerere Square na kurudi, na wale wale vijana wa bodaboda wanamsalimia: "Shikamoo mzee, mazoezi ni afya." Wifi anatoka baadaye kidogo, upande wa pili, akiwa na mtandio na dada mmoja jirani. Mzani wameuhamishia sebuleni, na karatasi iliyobandikwa ukutani juu yake ina safu mbili. Jumapili iliyopita niliichungulia: ya kwake imeshuka kilo tatu, ya kaka tano na nusu, na chini kabisa mama ameandika tarehe ya kurudi kliniki kwa kalamu nyekundu, na majina ya wote wawili.